Uji wa Ulezi wa Mama Nshoma

Murusagamba, Ngara
6 Agosti 1978

Baba Secilia,

Pokea salamu kabla ya habari nyingine, maana nakujua, ukiona barua ndefu unarukia mwisho kutafuta kama kuna msiba. Hakuna msiba. Mtoto ni mzima, anakimbia, jana amevunja kibuyu cha bibi yake. Mama yako mzima wa afya. Mimi ndiye niko nusu nusu.

Unakumbuka kule kuhara damu kwa Aprili. Nililala wiki tatu nikabaki ngozi na mifupa, na mama yako akanihamishia nyumbani kwake akawa ananilisha kwa mkono wake. Ugonjwa ule uliisha. Dawa ulizotuma nilizimaliza zote, damu ikakata, nikarudi shambani na darasani kwa watu wazima wangu wa kisomo. Ila tumbo halikurudi. Linaniacha siku tano au sita nacheka na watu, halafu siku moja linavimba mpaka Secilia ananiuliza kama nina mtoto ndani. Linasokota, linabana. Mara nakwenda chooni mara sita, mara nakaa siku tatu bila kwenda. Kisha linatulia kama vile halikuwa na ugomvi na mimi.

Nilikwenda zahanati. Mganga akanitazama macho na ulimi, akasema nipunguze mawazo ya mume. Nikamwambia mume wangu hana uzito huo. Akacheka sana. Mimi njiani nilikaa chini mara mbili nimeshika tumbo.

Kwenye shamba la ujamaa balozi wetu wa nyumba kumi amenisoma jina mara mbili pamoja na watoro wa kazi. Hilo limeniuma kuliko tumbo. Wewe unayekaa na darubini kutwa kucha, niambie, nina nini?

Mkeo,
Speciose Niragira

Hospitali ya Wilaya, Biharamulo
27 Agosti 1978

Mama Secilia mpenzi,

Nimefurahi kwamba sina uzito. Barua yako nimemsomea mwenzangu wa maabara sehemu ile, amecheka mpaka akamwaga rangi ya kupakia vioo.

Sasa tuwe makini. Kuhara damu kwa kawaida huletwa na mojawapo ya vijidudu viwili. Kimoja kikishapigwa na dawa kinakwisha. Kingine, amiba, ni mjanja, kinaweza kujifunga ndani ya ganda na kujificha kwenye utumbo miezi mingi. Ninamshuku huyo. Dereva wa lori la ushirika atakuletea chupa tatu zenye dawa ya kuhifadhi. Kila chupa weka kinyesi kidogo, ukubwa wa punje ya harage, siku tatu tofauti. Usione haya, mimi hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo inayotulisha.

Pili, chukua daftari. Andika kila siku tumbo linapouma: saa ngapi, ulikula nini, ulikula wapi, nani alipika. Sisi wa maabara hatuamini kumbukumbu, tunaamini karatasi. Na wewe una mwandiko mzuri kuliko wa mganga mkuu wetu, nimeshawaambia wote hapa.

Msalimie mama sana. Mwambie kibuyu nitamletea.

Wako,
Privatus

Murusagamba
24 Septemba 1978

Baba Secilia,

Chupa utazipata kwa dereva. Alizishika kwa ncha za vidole kama nimempa nyoka.

Daftari nimeandika kama ulivyotaka, na sasa natamani usingeniambia. Tangu barua yako tumbo limeniuma mara saba. Mara zote saba nilikuwa nimekula kwa mama.

Nimekaa na kalamu mkononi muda mrefu kabla ya kuandika mstari huo. Lakini watu walishahesabu kabla yangu. Genoveva, jirani yetu, alisema kisimani mbele ya wanawake wote kwamba mke wa Privatus kila akitoka kwa mavyaa wake anatoka ameinama. Unajua huku kwetu maneno hayo yanakwenda wapi. Wanasema sumu hufichwa chini ya kucha, mtu anakukaribisha kwa kicheko na kidole chake kimegusa kikombe. Ndiyo maana mwenye chungu cha pombe lazima avute mrija wa kwanza mbele ya wageni. Mama huvuta wa kwanza siku zote, na anavuta sana. Genoveva anasema ni kwa sababu anakunywa dawa ya kuzuia kabla watu hawajafika. Mtu akishataka kusema hakosi la kusema.

Sikiliza nikuambie mama yako ni mtu gani, maana wewe uko mbali, unaweza kusahau. Mimi ni binti wa wakimbizi, nilivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili na nguo moja. Wengine wanaponiita wa kuja, yeye ananiita mwanangu. Kijijini hapa tunakula muhogo na ndizi na maharage, lakini kila wiki anatembea saa mbili mpaka mahame, kule kwenye boma lenu la zamani mlikohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, kwa sababu bado ana kishamba cha ulezi. Ulezi ule hauuzi. Anausaga, ananipikia uji mimi, basi. Akisikia naumwa ndiyo kwanza anakuja na uji mwingine, amefunika kwa kanga usipoe, na anakaa mpaka ninywe. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeniua?

Niandikie haraka ni kidudu gani, niwapige nacho usoni.

Speciose

Biharamulo
15 Oktoba 1978

Mama Secilia,

Nimetazama chupa zote tatu. Kila moja nimeitazama mara nne, na mwenzangu akatazama bila kujua ni ya nani. Hakuna amiba. Hakuna minyoo, hakuna damu, hakuna kitu. Kwa darubini yangu wewe ni mzima kabisa.

Sijui niandike nini zaidi.

Kwa sasa kula kwako mwenyewe. Pika mwenyewe, kula mwenyewe na mtoto. Usiende kokote kula. Nakuomba unisikie katika hili, hata kama hunisikii katika mengine.

Privatus

Murusagamba
19 Novemba 1978

Baba Secilia,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomsalimia mama. Sikupaona.

Kaka yangu Protasi amefika na baiskeli yake, amechafuka vumbi mpaka kope, akaniambia nifunge mizigo nirudi kwetu. Nikamwambia mizigo yangu ni mtoto, daftari na tumbo hili, na vyote vitatu vinabaki Murusagamba. Alipoona siendi akaenda kwa mzee Kazimili, mwenyekiti wa kijiji, akashtaki. Akasema dada yake anapewa sumu na mavyaa wake, na kijiji kinatazama.

Wakaitisha kikao. Mama akaambiwa anyooshe mikono, watu wakamkagua kucha. Mama Nshoma, aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji hiki wakizaliwa, kwa mikono hiyo hiyo. Walikuta udongo wa shamba. Genoveva akasema udongo si ushahidi wa kitu. Mama alipoulizwa anapika nini akasema, “Napika chakula.” Wakaona ni kiburi.

Wengine walitaka ahamishwe siku hiyo hiyo, arudi mahame akaishi peke yake. Mzee Kazimili akasema vita vimeingia nchini, mgambo wanaitwa, haya yangoje. Jumapili ya kwanza ya Februari kijiji kitaamua. Mpaka siku hiyo hakuna anayeomba moto kwake, hakuna anayechota maji kwenye mtungi wake. Nimewaona watoto aliowapokea yeye wakizunguka njia wasipite mlangoni pake.

Mama amenikataza nisiende kwake. Amesema nikiumwa tena watamfukuza kabla ya siku. Nilimjibu nimeolewa katika nyumba hii na sihitaji kibali. Mimi sikubali, Privatus. Darubini yako imesema sina kitu, na tumbo langu linasema lina kitu, basi mmoja kati yenu haoni vizuri. Nitakula kwa mama kitu kimoja kimoja. Leo ndizi peke yake. Siku tatu kupumzika. Kisha maharage peke yake. Yote nitaandika. Nikifa mtajua nimekufa kwa kitu gani, na nisipokufa vile vile mtajua.

Nasikia wanachukua na watu wa hospitali kwenda vitani. Kama na wewe umo, vaa soksi.

Speciose

Mbele, vitani
14 Januari 1979

Mke wangu,

Barua yako ya Novemba ilinikuta nimeshavaa gwanda. Niko na kikosi cha matibabu. Mahali siruhusiwi kutaja. Soksi ninazo.

Nisikilize, nimejifunza jambo, na nimelijifunza kwa aibu. Huku maji ni mabaya na kuhara damu kumetupiga kuliko risasi. Wanapona. Naona kwa macho yangu, kinyesi ni safi, nawaandikia cheti warudi kwenye kikosi. Baada ya wiki mbili au tatu wengine wanarudi wameinama, wamevimba, wanasokotwa. Nawapima, hakuna kitu. Sajini wao anawaita waoga wanaokimbia vita. Siku moja alikuja kijana mmoja, Mayunga, Msukuma, mkubwa wa mwili, ambaye alimbeba mwenzake mgongoni kutoka chini ya mizinga. Mtu huyo ni mwoga? Alikuwa anasokotwa mpaka machozi yanamtoka, na cheti changu mkononi kimeandikwa kwa kalamu yangu kwamba ni mzima. Nikakumbuka nilivyokuandikia wewe.

Nikampelekea swali daktari wetu, Methusela, mzee mwenye hasira ambaye kabla ya vita alikuwa akifundisha. Hakunicheka. Akafungua sanduku la mbao ambalo hata vitani amekuja nalo, limejaa vioo vyenye vipande vyembamba vya utumbo. Ni vya watu waliopasuliwa zamani kwa maumivu kama yako, wapasuaji wakatafuta ugonjwa wasiuone, wakakata kipande hivyo hivyo. Akapaka rangi ya buluu, akaniambia tazama.

Speciose, nimetazama darubini miaka tisa sikuwahi kuona kitu kizuri namna hiyo. Katika ukuta wa utumbo kuna chembe za mwili zenyewe, si kidudu, ni zetu. Nono, zimejaa punje ndani mpaka zinakaribia kupasuka, na punje zote zimegeuka zambarau. Ni askari wa mwili. Kazi yao ni kukaa pale mlangoni mwa chakula na kungoja minyoo na vijidudu. Adui akifika zinamwaga punje zao, na utumbo unavimba, unabana, unasukuma kila kitu nje. Ndizo zilizokuokoa Aprili. Sasa daktari akanionyesha kwa ncha ya sindano zilipokaa: ubavuni mwa mishipa ya fahamu, zimeegemea kabisa. Zikimwaga punje pale, mshipa unapiga kelele, na mtu anaumwa kweli. Haumwi mawazo. Daktari anadhani adui akishaondoka, kwa baadhi ya watu askari hawa hawarudi kulala. Wanabaki na silaha mkononi, na kitu fulani kinawashtua tena na tena. Kitu gani, hajui. Akaniambia nisimwandikie mtu kwamba hayo yamethibitishwa. Ni dhana yake, na wenzake wengi hawaikubali.

Nilikuwa natafuta mgeni ndani yako, kumbe ni wenyeji. Darubini haikukosea, nilitazama mahali siko.

Kuna jambo nililifanya Oktoba ambalo sikukuambia. Nitalisema, si leo.

Wako,
Privatus

Murusagamba
11 Februari 1979

Baba Secilia,

Tangu ile ya Oktoba sijapata barua yako, nimesikia tu kwamba na wewe umechukuliwa vitani. Sijui uko mto gani. Nakuandikia hivyo hivyo, mtu wa posta Ngara amesema barua za askari zinakwenda zote kwenye gunia moja.

Kikao kimepita. Ngoja nikueleze kwa mpangilio, usije ukasema mimi naruka.

Nilikula ndizi za mama, sikuumwa. Maharage yake, sikuumwa. Muhogo, sikuumwa, na majani yake pia. Hata pombe yake ya ndizi nilivuta mrija mmoja, nikaimba kidogo, sikuumwa. Wiki ya Krismasi nikafika kwenye uji wa ulezi. Kabla jua halijasogea nilikuwa chini kwenye mkeka.

Nakiri niliogopa. Nikajiambia, labda ni unga wake kweli. Kwa hiyo nilitembea mpaka soko la Rulenge, nikanunua ulezi kwa mtu nisiyemjua, nikausaga kwa mkono wangu, nikapika kwangu mlango umefungwa, nikanywa. Nikaumwa vile vile. Privatus, sijawahi kuumwa kwa furaha namna ile. Nimejikunja kama kamba na nacheka, Secilia akadhani nimepata wazimu.

Lakini nani ataniamini? Wangesema mkwe anamkingia mavyaa. Ilibidi waone. Jumapili ya kwanza ya Februari watu walijaa uwanja wa shule, na wengine walishafunga mkeka na vyombo vya mama kwa kamba tayari, kumsaidia kuhama. Nikaomba nafasi. Nikasema ulezi utoke ghalani kwa mwenyekiti mwenyewe. Genoveva ausage, yeye aliyesema kisimani. Protasi apike, na yeye ndiye anywe wa kwanza. Mama Nshoma akae kule mbali kwenye ngazi ya darasa, mikono juu ya magoti, kila mtu aione. Mzee Kazimili hakupenda, lakini hakuona pa kukatalia.

Protasi akapika vibaya, mabonge matupu. Akanywa nusu. Nami nikanywa nusu yangu.

Kisha tukangoja. Mwenyekiti akaendelea na mambo mengine, michango ya vita, mbolea, nani hajachimba choo. Hakuna aliyesikia neno. Watu wote walikuwa wananitazama tumbo. Na tumbo, Baba Secilia, likanyamaza. Lilitulia kabisa, kama la mtoto aliyelala. Ndipo nikaelewa hofu ni kitu gani. Nisipoumwa leo, mama amekwisha, na mimi ndiye nitakuwa nimemmaliza kwa mkono wangu. Nikamtazama pale kwenye ngazi. Alikuwa anatikisa kichwa ananikataza, ananiombea nisiumwe. Mimi nilikuwa naomba niumwe. Sijui Mungu alitusikilizaje sote wawili.

Likaja. Lilianza kwa kusokota kidogo chini ya kitovu, nikamshukuru Bwana kwa sauti. Halafu likaja lote. Kanga ilibana ikabidi wanawake wailegeze, wakaona lilivyovimba, wakashika vinywa. Nilianguka ubavu mbele ya miguu ya Genoveva. Mzee Kazimili alisimama akauliza ulezi huu ni wa nani, na mkewe akajibu kwa sauti ndogo, “Ni wetu.”

Protasi yeye alikuwa amesimama amejishika tumbo lake mwenyewe, zima. Akasema, “Nimekula chungu kimoja naye. Kama ni sumu, mbona mimi nimesimama?”

Akavuka uwanja wote, akapiga goti mbele ya mama, akamwomba maji ya kunywa. Tangu Novemba hakuna mtu aliyekuwa amemwomba yule mama maji.

Mama alimwonyesha mtungi, wala hakungoja anywe. Alikuja kwangu mbio, mzee yule, akanishika kichwa. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, “Siku zote hizi ulizokuwa unaumwa, ni mimi?” Nikamwambia si wewe, mama, ni ulezi. Akasema ulezi haukuwa na miguu, aliyekuwa anauleta ni yeye. Akalia pale mavumbini. Waliomkagua kucha hawakumliza, hili ndilo lililomliza. Watu waliokuja kumhamisha walikuwa wanafungua mkeka wake taratibu, hawajui waweke wapi macho.

Balozi amefuta jina langu kwa watoro. Sikumshukuru.

Mimi nimejua ni kitu gani. Kwa nini, sijui. Chakula cha watoto wachanga na wazazi, chakula ambacho nimekula tangu utoto wangu kwetu bila neno, kimenigeukia lini? Hilo nimekuachia wewe na darubini yako.

Speciose

Mbele
18 Machi 1979

Speciose,

Barua zetu zimepishana njiani. Uliponiuliza kwa nini, nilikuwa nimeshakuandikia nusu ya jibu, na nilipokuwa nauliza kitu gani kinawashtua askari wale, wewe ulikuwa umeshaanguka mbele ya kijiji kizima na jibu tumboni.

Niliipeleka barua yako kwa Daktari Methusela, nikamsomea yote, hata ya pombe na kuimba. Akaniuliza jambo moja: zile wiki tatu za Aprili, mgonjwa alikuwa anakula nini? Nikasema uji wa ulezi. Na nini kingine? Nikasema hakuna kingine, hakikukaa kingine. Mzee akapiga meza mpaka vioo vyake vikaruka. Anadhani ni hivi: siku zile utumbo ulipokuwa vitani, askari wako walimkuta kidudu na ulezi mahali pamoja, wakawaandika wote wawili kuwa maadui. Kidudu kimekufa. Ulezi kila ukiingia wanaupiga, palepale utumboni, na mishipa iko karibu. Ni dhana juu ya dhana, amenionya tena. Lakini ameanza kuwauliza askari wetu walikula nini siku za kuhara, na Mayunga ameacha maziwa ya kopo, leo siku ya kumi na mbili anatembea amenyooka.

Akaniuliza mke wangu amesomea wapi. Nikasema darasa la saba, na anafundisha watu wazima kusoma. Akasema ametafuta kwa miaka kumi na sanduku zima la vioo, na mwanamke wa Murusagamba amemtangulia kwa chungu na daftari. Aliandika jina lako kwenye kitabu chake. Nilimtajia herufi moja moja asikosee. Nakusifu na mimi, lakini nikikaa kukusifu karatasi haitoshi. Uliomba uumwe ili mama yangu apone. Sijui mtu mwingine anayeweza kuomba hivyo.

Ndiyo maana siwezi kuendelea kunyamaza. Protasi hakuzipata habari njiani. Mimi ndiye niliyemwandikia. Siku ile nilipokuta chupa zako ni safi nilikaa maabara nikafikiri, kama si kidudu, basi wanayosema watu ni kweli. Mimi, mtu wa karatasi, nilimwandikia kaka yako: njoo umchukue dada yako kabla mama yangu hajamuua. Maneno yenyewe ndiyo hayo. Kucha za mama zilikaguliwa kwa barua yangu. Usimwambie, nakuomba. Au mwambie. Sijui lipi ni baya zaidi.

Privatus

Murusagamba
22 Aprili 1979

Baba Secilia,

Redio imesema mmeingia mjini Kampala. Kijiji kimelia na kuimba. Njoo sasa.

Barua ile niliijua. Protasi alinionyesha siku ya kwanza alipofika, akitaka nione kwamba hata mwenye mama ameogopa. Niliusoma mwandiko wako nikamrudishia, nikakataa kufunga mizigo. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Miezi mitatu kila nikikuandikia “mume wangu” nilikuwa nafuta. Kama umeona barua zangu hazina neno hilo, sasa unajua.

Kuhusu mama, umechelewa. Protasi alipopiga goti pale uwanjani hakuomba maji tu. Alimwambia ni nani aliyemwita. Mama amejua tangu Februari, na jioni ile ile alikuombea kwa jina, risasi zikupite. Ameomba hivyo kila siku, sijamsikia akiruka hata moja.

Nimemsomea barua yako leo, yote, na ya askari wa utumbo. Hao aliwaelewa upesi kuliko mimi. Alisema kumbe waliona uji unaingia pamoja na ugonjwa, wangejuaje. Nilipofika mwisho, pale ulipoandika maneno yenyewe, niliyapita upesi. Yeye akanitaka nirudie. Nikarudia. Akaniambia nikuandikie hivi, na nisibadilishe neno:

“Uliogopa mkeo atakufa, nimekusamehe. Lakini siku utakayorudi usipitie kwako. Njoo kwangu kwanza, nikupikie, ule.”

Mkeo,
Speciose